Shusha azimio kwanza, ndipo ufungue pochi

Jumamosi kijana mmoja wa Katuba, Lubumbashi, aliingia kwangu amekumbatia katoni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. «Yaya, nimeshanunua karte. Weka tu.» RTX 3060, karte ya kuchora picha za gemu, ya gigabaiti 12, dola 310. Kompyuta yenyewe ni ya ofisini, ya mtumba: prosesa i5-4570, RAM kijiti kimoja cha gigabaiti 8, disko ya zamani inayokwaruza, alimantasio (kisanduku cha kugawa umeme) ya wati 290 isiyo na hata waya mmoja wa kulisha karte. Skrini ya hezi 60.

Nikamwambia akae kwanza.

Huyu ni wa tatu mwezi huu, na wote wana imani moja: gemu ikikwama, karte ni ndogo, nunua kubwa. Nimechoka kueleza jambo hili nikiwa nimesimama mlangoni na jua hili la Oktoba. Naliandika hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, ina mikono miwili. Prosesa inahesabu nani yuko wapi, risasi imempata nani, mpira unaelekea wapi. Kisha karte inachora. Yule mzito ndiye anayeamua mwendo. Kumjua ni kazi ya dakika tano, bure. Fungua gemu lako, tazama fremu kwa sekunde, halafu shusha azimio, yaani wingi wa nukta za picha, kutoka 1080 hadi 720 bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda sana, karte ndiyo iliyokuwa ikihema. Zikibaki palepale, karte ilikuwa imekaa ikisubiri, na kununua nyingine ni kuongeza wa kusubiri.

Hapo ndipo ninapojibiwa neno linalonipandisha damu: «Lakini yaya, prosesa iko asilimia 40 tu, bado ina nafasi.» Haina! Hiyo 40 ni wastani wa viini vyote, yale makundi ya kuhesabu yaliyo ndani ya prosesa. Chukua prosesa ya viini vinane: kimoja kinatoka jasho, saba vimelala. Itasomeka asilimia 12 na kidogo, na bado gemu litajikokota, maana gemu nyingi zina kazi moja kuu ambayo haigawanyiki, na kazi hiyo inakaa kwenye kiini kimoja. Usitazame asilimia ya prosesa. Tazama ya karte. Kama hujafunga fremu kwa V-Sync (mpangilio unaozizuia zisizidi za skrini), na karte inazunguka kwenye asilimia 60 au 70 huku gemu likisuasua, basi kuna mtu anayeichelewesha.

Na zile kurasa za mtandaoni zinazokuambia mashine yako «imebanwa asilimia 17»? Imebanwa katika gemu gani? Kwa azimio lipi? Mashine ileile ikiwa kwenye Counter-Strike 2, mara nyingi prosesa ndiyo inayoumia. Ipeleke kwenye Cyberpunk 2077 na uwashe miale ya mwanga (ray tracing), karte ndiyo inayolia. Namba moja haiwezi kusema yote mawili. Ni kama kuuliza gari lina kasi gani bila kusema ni lami au ni matope.

Mengine nayapita haraka. Gemu likienda vizuri kisha likiganda ghafla, shuku RAM iliyojaa au disko. Vijiti viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inasoma vyote viwili kwa pamoja. RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, usiisukume. Na kama hujafungua kasha tangu kiangazi kianze, toa vumbi jekundu na ubadilishe pate ya kupitisha joto kabla hujaniuliza bei ya chochote: karte ikipata joto kupita kiasi inapunguza mwendo yenyewe.

Sasa pesa. Mimi naanza na alimantasio nzuri na stabilizateri ya kutuliza umeme, hata kama hazikuongezei fremu moja. Umeme wetu unakatika, unarudi kwa kishindo, na karte ya dola 300 juu ya alimantasio ya kuokoteza ni kuweka mayai kwenye kikapu kilichotoboka. Pili, skrini: ya hezi 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kutoka fremu 110 kwenda 140 kwenye skrini hiyo kutapunguza ucheleweshaji kidogo, ila macho yako hayapati picha ya ziada. Kutoka 35 kwenda 60, hapo toa pesa bila kujuta.

Huwa nawaambia wateja: kama hupati nyongeza ya fremu ya asilimia 40, usinunue. Hiyo 40 niliitoa kichwani mwangu, haina kitabu. Anayecheza kwa muda wa saa nne kila usiku huenda akaridhika na 25, sina hoja ya kumpinga.

Na kuhusu kusubiri bei ishuke, mimi si nabii. Aliyesubiri hadi Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa karte na bei za karte zikawa zimeshuka, alicheka. Lakini katikati ya 2025 nilimwambia mteja asiharakishe kununua RAM ya DDR5. Kufikia mwisho wa mwaka bei ilikuwa imeruka vibaya, kwa kuwa kampuni za akili bandia zilikuwa zinamaliza chipu. Bado ananisalimia, ila kwa ufupi.

Kijana wa Katuba nilimwekea SSD tu, disko ya kasi, ambayo atahama nayo. Kwenye i5 ile sitamruhusu aongeze hata dola: viini vinne, nyuzi nne (kazi nne tu kwa pamoja), bodi mama isiyokubali alimantasio ya kawaida. Tunatafuta bodi mama ya AM4 ya mtumba na prosesa ya Ryzen 5 5600. Karte imerudi kwenye katoni, na kila jioni ananiandikia: «Yaya, bado?»