Tisheti Haipigi Kura

Juzi tena, kikaoni, bwana mmoja msomi kabisa aliniambia, "Hawa mahasla si hununuliwa tu kwa mia mbili na tisheti?" Alimaanisha wapiga kura wa vibarua na biashara ndogondogo. Nilimaliza chai yangu kimya. Ustaarabu huo umeniisha.

Kazi yangu ni utafiti wa maoni ya wapiga kura, na miguu yangu inaijua Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Pesa za kampeni hupokelewa, tena kutoka pande zote, na asante husemwa kila mara. Lakini kama tumbo ndilo linalopiga kura, unga ungempeleka Raila Odinga Ikulu ya Kenya. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali iliyomuunga mkono ilishusha paketi ya kilo mbili hadi shilingi 100. Watu walizunguka madukani wakaikosa. Agosti 9 mpinzani wake, William Ruto, alipata asilimia 50.49, Raila 48.85.

Kinachonikera zaidi ni neno "wafanyakazi" kutamkwa kana kwamba kila mtu ana payslipu. Wakenya wengi wako jua kali, yaani kwenye kazi na biashara ndogo zisizo rasmi. Mtu wa jua kali haulizi mshahara utapanda lini. Anauliza kesho atanunua mzigo kwa pesa gani. Raila aliahidi familia maskini shilingi 6,000 kwa mwezi. Ruto alileta wilbaro, alama ya chama chake, na maneno ya mikopo. Kwa hesabu ya kalamu, 6,000 ya bure inashinda mkopo. Sasa msikilize mama mboga mmoja wa Kayole, akiongea huku anafunga sukuma, macho hayainui: "Hizo ni za maskini, mwanangu. Kwani mimi ni maskini? Mimi ni mfanyabiashara, nimekosa tu mtaji." Vyama hukosea hapo. Huwapa watu jina ambalo wenyewe hawalitaki, halafu hushangaa.

Kushinda ni rahisi kuliko kubaki. Septemba 2022, Ruto akiwa ameingia Ikulu, ruzuku ya petroli iliondolewa, na lita jijini Nairobi ikaruka kutoka 159.12 hadi 179.30. Mwaka uliofuata VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, nayo ilikuja, lakini wengi walianzia mkopo wa shilingi 500, na mia tano ni mtaji wa nini? Muswada wa fedha wa 2024 ulipotaka kodi hata kwenye mkate, mengine mliyaona: vijana walioandamana wakavamia bunge Juni 25, kesho yake rais akauondoa.

Lazima nikiri, nadharia yangu ina tundu. Kisumu kuna wasukuma mikokoteni tele, na Ruto hawakumpa kitu. Nairobi kwenyewe, jiji la mahasla, Raila aliongoza. Uchumi unaishia wapi na kabila linaanzia wapi? Nimejaribu kuvitenganisha kwa kila aina ya dodoso, na kila mara hubaki na donge lisilochambulika. Tena wengi hawakuhama chama, walilala tu nyumbani: waliojitokeza 2022 walikuwa takriban asilimia 65, wakati Agosti 2017 walipita 75.

Nilirudi Kayole na dodoso langu, nikamuuliza yule mama kama maisha yamepanda tangu uchaguzi.

"Bei yangu haijapanda," alisema. "Fungu bado ni la kumi." Akaniwekea moja mkononi. "Hesabu majani."

Yalikuwa matano. Zamani alikuwa akifunga manane.