Uji, shanga na ugali wa kiporo

Watu wa hapa Arusha wanaoniuliza ninafanya kazi gani hutarajia kusikia habari za maabara na chupa za vioo, nami huwajibu kwamba ninachunguza kwa kompyuta vitu ambavyo si vimiminika kamili wala yabisi kamili: uji, mtindi, povu la sabuni, gundi. Wanafizikia huviita maada laini, na Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1991 kwa kazi yake juu ya polima (molekuli ndefu kama minyororo) na fuwele za kimiminika (vimiminika ambavyo molekuli zake zina mpangilio).

Tunaieleza kompyuta mahali ilipo kila atomi na jinsi atomi zinavyovutana na kusukumana, kisha inakokotoa kwa sheria za Newton zitakuwa wapi baada ya muda mfupi mno, na kurudia. Mwaka 1964 mwanafizikia Aneesur Rahman aliigiza hivyo atomi 864 za elementi ya agoni. Ugumu umo katika huo "muda mfupi mno": hatua moja ni kama femtosekunde 2 (femtosekunde ni sekunde moja igawanywe kwa milioni bilioni), hivyo kufikia mikrosekunde 1 tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, kunahitaji hatua milioni 500, ilhali uji huchukua dakika kadhaa kuiva.

Nilianza shahada ya uzamivu nikiamini kwamba mwigo bora ni ule usioacha atomi hata moja. Nilihangaika miezi mingi na kipande kifupi cha amilosi, yaani mnyororo wa wanga, ndani ya maji. Na usiku mmoja umeme ulipokatika nikapoteza kazi ya siku tisa, kwa kuwa sikuwa nimeiagiza programu ihifadhi hali yake njiani. Msimamizi wangu alizitazama picha zangu nzuri, akauliza, "Sasa kijana wangu, uji unakuwa mzito kwenye picha ipi?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo ninatunga shanga. Kila ushanga husimama badala ya kundi la atomi. Katika mfumo uitwao Martini, kwa mfano, ushanga mmoja wa kawaida hubeba molekuli nne za maji, na hatua huweza kufika femtosekunde 20 au zaidi. Kinachopotea ni vifungo vya hidrojeni, yaani mivuto midogo inayoshikanisha molekuli, kati ya wanga na maji, na kwenye uji hilo si jambo dogo, kwa hiyo mimi huanza na mwigo mdogo wenye atomi zote, kisha hurekebisha nguvu za shanga mpaka minyororo ijikunje vilevile. Kazi hii ya kuchagua cha kuacha ndiyo hula muda wangu mwingi, kuliko hata kuandika programu, ambazo nyingine, kama LAMMPS na GROMACS, hupatikana bure.

Siku hizi ninashughulikia kiporo. Ugali ukipoa, minyororo ya amilosi hujipanga upya na kushikamana, na mashikamano hayo huyeyuka tu kwenye joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi, wakati maji ya Arusha, kwa mwinuko wa takriban mita 1,400, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana kiporo kikipashwa kwenye sufuria ya kawaida hulainika kidogo, lakini hakirudi kuwa ugali wa jana.