Je, wajua kwa nini HP-41C haioni moduli ya kumbukumbu iliyo nzima?

Kikokotoo cha HP-41C kilitoka mwaka 1979 kikiwa na rejista 63 za kumbukumbu (vyumba vya kuhifadhia namba au programu), kila moja baiti 7. Upande wa juu kina matundu manne, na kila moduli ya kawaida ya kumbukumbu huongeza rejista 64. Nne zikiingia, jumla ni 319. Moduli inayodhaniwa mbovu huenda ni nzima, ila imechomekwa tundu lisilo lake.

Moduli hupata anwani kutokana na tundu ilimo. Ya tundu la 1 hufuata mara baada ya kumbukumbu ya ndani, ya tundu la 2 hufuata hiyo, hadi la 4. Kikokotoo hupanda kutoka chini, kikikuta pengo kinaishia hapo. Ukiiweka tundu la 3 huku la 1 na la 2 hayana kumbukumbu, ni kana kwamba haipo. Kwa hiyo kumbukumbu hutangulia bila kuruka tundu, moduli za programu zifuate.

Moduli ya Quad ina rejista 256 peke yake na hushika anwani zote za matundu manne. Ukiongeza ya kawaida pembeni yake, chipu mbili hujibu kwa mpigo na data huvurugika. HP-41CV, toleo jingine la kikokotoo hiki, nayo usiiongezee: tayari ina 319 ndani.

Kupima, kwanza nakili programu zako, maana zote zitafutika. Zima kikokotoo (usichomeke wala kuchomoa kikiwaka), toa moduli zote, kisha weka moja tu tundu la 1. Shikilia mshale wa kufutia, bonyeza ON, achia ON, halafu mshale. Itaandika MEMORY LOST. Sasa RCL 80 (amri ya kusoma rejista ya 80) ilete sifuri na RCL 81 ilete NONEXISTENT, yaani rejista hiyo haipo. Kama RCL 17 tayari inaleta NONEXISTENT, moduli haijasomwa.

Ikisomwa bado haijafaulu. Katika hali hii rejista 17 hadi 80 ndizo hasa zilizo ndani ya moduli, basi zipitie zote. Weka 17.080 kwenye rejista 00, kisha endesha programu hii, inayoandika namba ndani ya kila rejista na kuisoma tena:

LBL 01
RCL 00
INT
STO IND 00
RCL IND 00
X≠Y?
STOP
ISG 00
GTO 01
BEEP

Ikilia, kila rejista imerudisha ilichopewa. Ikisimama kimya, RCL 00 itakuonyesha rejista iliyokosea.

Isiposomwa kabisa, tazama pini. Zifute kwa pamba yenye spiriti safi na usitumie msasa, kwani dhahabu iliyopakwa ni nyembamba mno. Betri nne za saizi N zikivuja huacha unga mweupe au wa kijani. Ufute kwa siki kidogo, kisha spiriti, uache pakauke kabisa. Jibu likibadilika unapokandamiza gamba, shuku nguzo za plastiki za skrubu zilizo chini ya miguu ya mpira. Zikipasuka, bodi hazibanani tena, na kila moduli utakayojaribu itaonekana mbovu.

Moduli hizi hazina betri yao, hivyo ukichomoa moja, data iliyokuwamo inapotea hapo hapo.