Je, wajua kwa nini dawa ya nusukaputi inatumika kutuliza hofu ya kufa?

Ketamini si ngeni kwetu. Kama umewahi kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya, ndugu yako yuko ndani anafanyiwa operesheni ya uzazi au anaungwa mfupa, huenda hiyo ndiyo aliyochomwa. Akitolewa kwenye machela macho yake yako wazi, yanachezacheza, lakini ukimwita haitiki. Akizinduka anakuhadithia kwamba alikuwa juu ya dari, anajitazama mwenyewe amelala. Manesi wameshazoea. Watakwambia usitishike, ni dawa hiyo, itamtoka.

Sasa huko Marekani dawa hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, wapo wagonjwa wa saratani iliyofika mwisho wanaopewa waimumunye nyumbani, kitandani kwao, ili hofu ya kufa iwaachie. Imekuwaje dawa ya thieta ikafika huko?

Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Parke-Davis ya Detroit. Mwaka 1964 ikajaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza, na waliojaribiwa walikuwa wafungwa wa Michigan, jambo ambalo leo lisingepita. Walieleza kwamba walijiona wanaelea, hawana mikono wala miguu. Daktari aliyesimamia, Edward Domino, alihangaika kutafuta jina la hali hiyo, mpaka mkewe Toni alipompa: dawa ya kutenganisha. Mtu yupo, ila ametenganishwa na mwili wake. Mwaka 1970 ikaruhusiwa rasmi, ikaenda na wanajeshi Vietnam, kisha ikasambaa duniani. Sifa yake kubwa ni kwamba kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe na presha yake haishuki, kwa hiyo hata penye umeme wa kubahatisha upasuaji unafanyika. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Turudi kwenye hofu. Mtu anayejua anakufa ana maumivu ya aina mbili, na moja halisikii mofini, ile dawa kali ya maumivu. Usiku nyumba ikitulia, mfupa hauumi, lakini roho iko juu juu: nikilala nitaamka? Watoto atabaki nao nani? Nitakata roho nikiwa nahangaika kutafuta pumzi? Hofu hiyo ikikaa inazaa sonona. Mgonjwa anageukia ukutani, hali, hazungumzi, hataki kuona mtu.

Dawa za kawaida zipo, ila zina kasoro inayouma zaidi hapa kuliko kwingine. Vidonge vya sonona huchukua wiki nne, pengine sita, kabla havijashika sawasawa. Umwambie nini mtu ambaye huenda hana wiki sita? Diazepamu na ndugu zake, dawa za kutuliza wasiwasi, hushika haraka, lakini humsinziza mgonjwa na kumchanganya akili, hasa mzee, katika siku zilezile anazotaka awe macho azungumze na wanawe.

Ketamini ina haraka. Mwaka 2000 watafiti wa chuo kikuu cha Yale waliwapa wagonjwa saba wa sonona kipimo kidogo kwa dripu ya dakika arobaini, na nafuu ikaonekana ndani ya siku tatu. Ilikuwa habari kubwa, maana hakuna aliyezoea kuona sonona ikilegea kwa siku.

Inafanyaje kazi? Ubongo huwasiliana kwa kemikali, na inayoamsha kuliko zote ni glutamati. Ketamini huziba mojawapo ya milango inayopokea glutamati, uitwao kipokezi cha NMDA. Ajabu ni kwamba, kwa nadharia inayotajwa zaidi, kwa kipimo kidogo huanza kuziba kwenye zile seli ambazo kazi yake ni kufunga breki. Breki zikilegea glutamati inafurika kwa muda, na mfuriko huo unaamsha utengenezaji wa viunganishi vipya kati ya seli za neva. Kwenye ubongo wa panya waliosongwa na msongo, viunganishi vilivyokuwa vimepotea vimeonekana vikichipua tena ndani ya siku moja.

Wapo wanaosema kemia pekee haitoshi, kwamba safari yenyewe ndiyo dawa. Aliyetoka nje ya mwili wake kwa saa moja na kurudi salama huutazama mwisho wake kwa jicho jingine. Binafsi sioni haja ya kuchagua upande. Wazo hilo la pili lina historia: miaka ya 1960, katika hospitali ya Spring Grove huko Maryland, madaktari waliwapa wagonjwa wa saratani LSD, dawa inayoleta maono, kwa nia hiyohiyo, hadi sheria zilipobana. Mwaka 2016 zikaja tafiti za Johns Hopkins na chuo kikuu cha New York, safari hii kwa silosaibini, kemikali ya uyoga fulani, na hofu ya wagonjwa ilishuka kweli. Lakini dutu hizo mbili serikali ya Marekani imezipiga marufuku. Ketamini ina kibali tangu 1970, hivyo daktari anaweza kuiandika kwa matumizi mengine akiona inafaa. Sababu kubwa ya kuchaguliwa kwake badala ya dutu hizo ni hiyo tu.

Na ushahidi kwa wanaokufa? Mdogo, tusidanganyane. Utafiti unaotajwa mara nyingi ulichapishwa mwaka 2013 kutoka San Diego: wagonjwa 14 waliokuwa chini ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso si kuponya, walipewa ketamini ya kunywa kila siku kwa siku 28. Walioumaliza ni wanane. Wote wanane walipata nafuu, wasiwasi ukipungua kufikia siku ya tatu. Inatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na watu wanane hawajazi hata daladala.

Kuipeleka nyumbani kulitokana na korona. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ililegeza masharti, madaktari wakaruhusiwa kuandika dawa za aina hii kwa kuzungumza na mgonjwa kwa video. Kwa mahututi ilikuwa ahueni ya kweli, kwa sababu kumshusha kitandani, kumpakia garini na kumpeleka kliniki ni mateso peke yake.

Kikao chenyewe huenda hivi. Mgonjwa amepimwa presha, hajala kitu kwa saa kadhaa. Anaweka kidonge chini ya ulimi, anakimumunya kama dakika kumi bila kumeza, mate yanajaa, chungu, kisha anatema kwenye bakuli. Akimeza, ini litaivunja sehemu kubwa ya dawa kabla haijafika kwenye damu, na kichefuchefu kitaongezeka. Anafunikwa macho kwa kitambaa, muziki usio na maneno unapigwa taratibu, na mtu anayemwamini anakaa pembeni. Huyo wa pembeni hapigi soga. Kazi yake ni kumshika mkono akiombwa, kuangalia pumzi, na kuhakikisha mgonjwa hasimami, maana miguu haimtii. Baada ya saa moja hivi anarudi, na hapo mazungumzo na mtaalamu ndiyo yanaanza.

Mtu wa pembeni si pambo. Oktoba 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu ketamini za kuchanganywa, yaani zinazotengenezwa na famasia kwa agizo la daktari, zinazotumiwa nyumbani bila uangalizi, ikataja mgonjwa mmoja ambaye pumzi zilipungua na damu yake ikakutwa na dawa maradufu ya kiwango cha upasuaji. Mwezi huohuo mwigizaji Matthew Perry alifariki nyumbani kwake, na uchunguzi ukataja ketamini. Yeye hakuwa mgonjwa wa aina hii, wala dawa iliyomuua haikutoka kwenye tiba aliyokuwa akipewa kliniki, lakini kisa chake kilionyesha inavyokuwa dawa hii ikiwa mikononi mwa mtu aliye peke yake.

Madhara mengine yanapimwa tofauti kwa anayekufa. Ketamini ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu kibofu, jambo la kumtisha kijana kuliko mtu aliyebakiwa na miezi miwili. Hata nafuu yake, ambayo kwa dozi moja huisha baada ya siku chache hadi wiki moja au mbili, kwake si haba. Presha ya kupanda na moyo mbovu ndivyo vinavyobaki vya kuogopwa.

Huku kwetu, kwa sehemu kubwa, ketamini bado ni ya thieta. Ila dawa nzito kumfuata mgonjwa nyumbani tumeshaiona: tangu 1993 Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman, imekuwa ikiwapelekea wagonjwa mofini ya maji, unga uliokorogwa na kutiwa kwenye chupa ya plastiki. Nesi anaingia ndani, anakaa mkekani, anampimia mgonjwa dozi ya kwanza, kisha anamfundisha binti wa nyumba kupima zinazofuata.