Gramu 1 kwa tani si mawe matupu

Barazani Malindi, wanaoalikwa kununua hisa za migodi ya dhahabu ya bara wengi huamini mwamba wenye gramu 1 ya dhahabu kwa kila tani hauna faida. Si lazima. Ukiwa mpana, karibu na uso wa ardhi, na dhahabu yake ikitenganishwa kwa urahisi, unaweza kulipa. Ukiwa chini sana, gramu hiyohiyo haifidii gharama.

Cha kuchunguza hasa ni wastani. Ripoti ya mgodi ikisema mita 20 za shimo la sampuli zina wastani wa gramu 1.5 kwa tani, tafuta jedwali la kila mita. Mita moja ikiwa na gramu 25, zile 19 zilizobaki zina takriban 0.26 tu!

Angalia pia uchorongaji, yaani namna mashimo ya sampuli yalivyotobolewa. Wa upepo, unaopuliza sampuli juu kwa hewa, hutoa vipande vilivyosagika, na maji yakiingia shimoni sampuli huweza kuchanganyika. Wa almasi, wenye ncha ya almasi ya kukatia mwamba, ni ghali, lakini hutoa mwamba mzima, mviringo kama mchi, na mshipa wenye dhahabu ndani ya mwamba unauona kwa macho.