Je, wajua kwa nini programu za sataranji bado zinashindana, ilhali binadamu alishafungwa tangu 1997?

Kwenye maskani za Mji Mkongwe, kuanzia Jaws Corner hadi Darajani, ubishi wa michezo hauishi: bao, dhumna, karata, na siku hizi sataranji ya kwenye simu. Ndipo huzuka swali hili: ikiwa kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov kule New York mwaka 1997, watu wanahangaikia nini kuunda programu kali zaidi? Wamfunge nani tena?

Wanataka zifungane zenyewe. Fundi wa bao akikosa mshindani mtaani kwake, huvuka hata Pemba kumtafuta fundi mwenziwe. Programu nazo hukua kwa kukutana na zinazoziweza.

Deep Blue ilitegemea mbio. Ilipima hali milioni 200 za ubao kwa sekunde, na vigezo vya kuamua nani yuko pazuri iliandikiwa na watu. Programu ya Stockfish, iliyoanza 2008, ilifuata njia hiyo hiyo na kuinoa miaka mingi. Kisha Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ikaileta AlphaZero. Hii ilipewa kanuni za mchezo tu. Ikacheza na nafsi yake, na kwa muda wa saa nne ikawa imeipita Stockfish. Katika michezo 100 ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikupoteza hata mmoja. Tena ilipima hali 80,000 tu kwa sekunde, mwenzake milioni 70! Ilitazama machache, lakini ilijua pa kutazama.

Watu wa Stockfish walilalamika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki: lililoletwa lilikuwa toleo la mwaka uliotangulia, na likabaniwa kumbukumbu ya kompyuta. AlphaZero yenyewe haikutolewa hadharani. Ila mbinu zake zilichapishwa, na mwaka 2018 watu wa kujitolea wakaunda Leela Chess Zero kwa wazo lile lile. Mwaka 2019 Leela ikaifunga Stockfish kwa pointi 53.5 dhidi ya 46.5 katika fainali ya TCEC, shindano kubwa la programu hizi.

Hapa ndipo panaponigusa zaidi. Stockfish iliyofungwa ilichukua silaha ya mshindi, yaani mtandao wa nyuroni (programu inayojifunza yenyewe kutokana na michezo), bila kutupa yake. Kule Japani, Yu Nasu alikuwa amebuni mwaka 2018, kwa ajili ya shogi, yaani sataranji ya Kijapani, mtandao mdogo wa nyuroni unaoweza kwenda kwenye kompyuta ya kawaida: kete ikisogea, unahesabu upya kilichobadilika tu, si ubao mzima. Stockfish ikauingiza, na Septemba 2020 likatoka toleo la 12, lenye mbio za zamani na jicho jipya.

Siku hizi programu hizi zinacheza vizuri mno hata zikianza mchezo kwa uhuru sare huwa nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo TCEC huzipangia hatua za mwanzo zenye kuegemea upande mmoja, kisha zinabadilishana pande ili kila moja ionje pabaya.

Stockfish haina siri: msimbo wake uko wazi, na majaribio yake hufanyika kwenye kompyuta za watu wa kujitolea kote duniani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pale Tunguu mwenye intaneti anaweza kuikopesha kompyuta yake usiku. Kila badiliko, hata la mstari mmoja, huchezeshwa maelfu ya michezo dhidi ya toleo lililopo. Lisipoonesha faida hutupwa, aliyeliandika awe nani.