Je, wajua kwa nini seneta mchapakazi anaweza kuwa na sifuri kwenye rekodi yake?

Kila Bunge la Bajeti linapoanza Dodoma mwezi wa Aprili, mabishano yale yale huanza nalo. Mbunge wetu kauliza maswali mangapi? Kachangia mara ngapi? Mbona yule wa jimbo la jirani anasikika kila siku? Mwenye namba ndogo huhukumiwa papo hapo: huyo kaenda kulala. Wanaofuatilia mabunge ya nje huubeba mzani huo huo mpaka kwa maseneta wa Kenya au wajumbe wa Rajya Sabha, bunge la juu la India, ambako rekodi ya kila mjumbe hupangwa mtandaoni kwa safu: mahudhurio, maswali, michango, miswada. Imani ya wengi ni kwamba safu hizo zinapima kazi. Hazipimi kazi, au zinapima kipande chake kimoja tu, na kwenye mabunge ya juu, yaani yale ya pili yanayopitia tena miswada, kipande hicho ni chembamba zaidi.

Tanzania haina bunge la juu. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Bunge lina sehemu mbili, na wapo wanaodhani maana yake ni mabunge mawili. Sehemu hizo ni Rais na Wabunge. Baraza la Wawakilishi nalo ni la Zanzibar, halikai juu ya Bunge la Dodoma, ingawa hupeleka humo wajumbe watano. Kenya ilianza na Seneti mwaka 1963, ikaivunja 1966, ikairudisha 2013 chini ya Katiba ya 2010.

Sasa namba zenyewe. Zile za maswali na michango mara nyingi zinatoka kwenye Hansard, taarifa rasmi ya majadiliano, inayonukuu yaliyosemwa ukumbini. Mtu huipitia, au siku hizi programu ya kompyuta, na kila jina linapotokea likiwa limepewa nafasi ya kusema, inaongezwa moja. Kinachohesabiwa, basi, ni mara ambazo mjumbe alifika kwenye kipaza sauti.

Tazama kipindi cha maswali pale Dodoma, asubuhi baada ya dua. Spika anaita jina. Mbunge anasimama, anasema, "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu lipatiwe majibu," kisha anakaa. Swali lenyewe lililetwa kwa maandishi mapema na limeshachapwa. Naibu Waziri anajibu kwa niaba ya Waziri. Muulizaji anasimama tena: "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Akimaliza, wengine wanasimama kwa mkupuo, na atakayeitwa anauliza lake moja, mara nyingi kuhusu barabara au kituo cha afya cha jimboni kwake.

Kwenye rekodi, swali la msingi lililoandaliwa kwa kupekua mafungu ya bajeti na kutembelea zahanati ni moja. La nyongeza lililozaliwa pale pale kwenye kiti ni moja pia. Wakati wa kujadili bajeti, anayejenga hoja kwa takwimu mpaka kengele ya pili imkate ana mchango mmoja. Anayesimama kusema "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, ahsante" naye ana mmoja. Aliyesimama asubuhi nzima bila kuitwa hana kitu. Bunge letu limempa huyo njia ya pembeni: anaweza kutoa mchango wake kwa maandishi, ukaingizwa kwenye Hansard chini ya jina lake. Kama utahesabiwa au la, hilo ni uamuzi wa anayehesabu.

Kasoro hiyo inaeleweka vizuri ukiipeleka kwenye shamba la zabibu. Tuseme mwenye shamba kule Hombolo ana daftari la mavuno: jina la mtu, idadi ya kreti alizobeba. Daftari halidanganyi, kila kreti ilibebwa kweli. Lakini miezi michache kabla ya siku hiyo kuna mtu alipogoa mizabibu ile. Alisimama mbele ya kila shina akaamua tawi gani liondoke na jicho gani libaki, na uamuzi huo ndio uliopanga shina litazaa nini. Kuna mwingine aliyepiga dawa ya ukungu, na mwingine aliyefunga matawi kwenye waya. Kwenye daftari la kreti hawa wote ni sifuri. Mwenye shamba akiamua kulipa kwa daftari hilo peke yake, msimu unaofuata kila mtu atataka kubeba kreti na mizabibu itaota ovyo. Na hata idadi ya kreti haimwambii kama zabibu zilizomo ni tamu au zimeshaanza kuoza.

Bungeni, kupogoa hufanyika kwenye kamati. Muswada ukisomwa mara ya kwanza Dodoma hupelekwa kwenye kamati ya kudumu. Huko wadau husikilizwa, kifungu kwa kifungu. Mjumbe mmoja akisema kifungu hiki kitawaumiza wafugaji, akabishana na wanasheria wa Serikali mpaka wakakubali, rekebisho mara nyingi hurudi ukumbini ndani ya jedwali la marekebisho linaloletwa na Serikali yenyewe. Sheria inabadilika kwa sababu yake, na Hansard inaandika jina la Waziri.

Mabunge ya juu yanaishi kwa kazi ya namna hiyo. House of Lords ya Uingereza haina nguvu ya kuzuia bajeti. Uzito wake uko kwenye kusahihisha miswada. Mara nyingi mjumbe huleta rekebisho, Waziri huahidi kulitazama, mjumbe huliondoa, kisha Serikali huleta la kwake lenye maana ile ile kwenye hatua inayofuata. Mwenye kusoma rekodi kwa haraka ataona "limeondolewa" akadhani mjumbe kashindwa, kumbe ndiyo siku aliyoshinda.

Kuna kanuni zinazotengeneza sifuri moja kwa moja. Seneti ya Kenya ina maseneta 67: 47 waliochaguliwa, mmoja kila kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Ibara ya 123 ya Katiba yao inasema kwenye mambo yanayohusu kaunti kila ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wake wote kwa pamoja, una kura moja, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa, ambaye ndiye kiongozi wa ujumbe, au yule atakayemteua asipokuwepo. Seneta wa kuteuliwa anaweza kukaa kwenye mjadala wote, akamshawishi kiongozi wake, na safu yake ya kura kwa mambo hayo ikabaki tupu. Ukimlinganisha kwa kura na seneta wa kuchaguliwa, unamwonea.

India wanao mfano mkubwa zaidi. Manmohan Singh alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2004 hadi 2014, na miaka yote hiyo alikuwa mjumbe wa Rajya Sabha, bunge la juu. Mawaziri kule hawatii saini daftari la mahudhurio, na hawaulizi maswali kwa kuwa wao ndio wa kuyajibu. Kwa hiyo mtu aliyeongoza nchi ile kubwa kwa muongo mzima hana swali hata moja la miaka hiyo. Ndivyo ilivyo kwa mawaziri wetu Dodoma, ambao ni wabunge: ukimtafuta Waziri kwenye orodha ya waulizaji hodari, utamkosa.

Hata hivyo si haki kuzitupa namba zote. Sachin Tendulkar, mchezaji kriketi mashuhuri, aliteuliwa Rajya Sabha mwaka 2012. Alipomaliza mwaka 2018 mahudhurio yake yalikuwa chini ya sehemu moja ya kumi, na maswali yake 22. Hakuwa waziri, kwa hiyo namba hiyo ya mahudhurio inasema kitu cha kweli. Lakini safu yake ya michango ina jambo la kuangaliwa: Desemba 2017 alisimama kuzungumzia haki ya watoto kucheza, ukumbi ukajaa kelele za wajumbe waliokuwa na mgogoro mwingine kabisa, akashindwa kusema. Hotuba aliitoa mtandaoni kesho yake. Safu ya namba haiwezi kutofautisha aliyenyamaza na aliyenyamazishwa.

Mahudhurio, kwa maoni yangu, ndiyo safu inayostahili kuaminiwa kuliko nyingine, na sheria zenyewe zinaitegemea. Ibara ya 71 ya Katiba yetu inamwondolea kiti mbunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Uingereza walitunga sheria mwaka 2014 inayomwondoa kwenye House of Lords asiyehudhuria msimu mzima wa vikao vya bunge (session). Ni kiwango cha chini kabisa: mtu awepo.

Kwa hiyo anayetaka kumpima mjumbe kwa haki aanze na kamati aliyomo. Achukue muswada kama ulivyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, auweke pembeni ya sheria iliyopitishwa, atafute vifungu vilivyobadilika, kisha asome taarifa ya kamati. Ni kazi ya jioni nzima kwa muswada mmoja, na ndiyo sababu watu hukimbilia namba. Dodoma taarifa hiyo husomwa ukumbini na mwenyekiti wa kamati au mjumbe kwa niaba yake kabla wabunge hawajaanza kuchangia muswada, na kwa kawaida mwishoni huwa na orodha ya wajumbe wote kwa majina. Mbunge mkimya yumo humo ndani ya Hansard, ila hesabu inamruka, maana aliyekuwa kwenye kipaza sauti ni mwingine.